Afya ya Jamaa: Usaha chini ya mfupa wa kidari

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya maradhi ambayo kila mama wa nyumba anayafahamu: malaria, minyoo, kuhara kwa watoto. Leo twataka kusema juu ya ugonjwa usiojulikana sana vijijini, nao ni mkali: kuoza kwa kifua baada ya mtu kupasuliwa moyo. Pengine mmoja atauliza: «Habari hiyo yatuhusu nini sisi, tunaokaa mbali na hospitali za moyo?» Yatuhusu kweli. Katika nchi zetu watoto na vijana wengi huharibikiwa na moyo kwa sababu ya maumivu ya koo yasiyotibiwa. Kwanza koo, halafu homa na kuvimba viungo, kisha, polepole, vilango vya moyo hukunjamana na kuacha kufunga sawasawa. Wachache kati yao hupata bahati ya kupelekwa mahali penye wapasuaji wa moyo: wengine Ulaya, wengine Dar es Salaam, ambako tangu mwaka 2015 iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Lakini aliyepasuliwa hakai hospitalini mwaka mzima. Hurudi kwao. Na usaha tunaousema mara nyingi hutokea karibu majuma mawili baada ya kupasuliwa, pengine mwezi mmoja au zaidi, yaani wakati mgonjwa amekwisha kutoka mikononi mwa mpasuaji na kulala katika nyumba yake. Hapo wa kwanza kuuona ni mama, au mke, au ndugu anayemwosha. Yeye ndiye tunayemwandikia.

Kwanza tuitazame njia inayotumiwa kuufikia moyo. Wekeni mkono katikati ya kifua: mtagusa mfupa mrefu, bapa, unaoshuka toka koo hata juu ya tumbo. Ndio mfupa wa kidari. Mbavu zimeungana nao kuume na kushoto, kama vile miti ya paa inavyoungana na mwamba wa nyumba, na moyo u nyuma yake. Mgonjwa akiisha kulazwa usingizi wa dawa, mpasuaji huukata mfupa huo kwa msumeno mdogo toka juu hata chini, huufungua kama mlango wa mbao mbili, hufanya kazi yake, kisha huurudisha mahali pake na kuukaza kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu. Juu yake hushona nyama na ngozi. Kwa kawaida nyaya zile hazitolewi tena. Mtu huishi nazo.

Wanafunzi wetu watafurahi kujua kwamba habari za njia hiyo zilitoka kwanza katika bara letu. Mwaka 1897 Herbert Milton, mpasuaji Mwingereza aliyefanya kazi Kairo katika nchi ya Misri, aliandika namna ya kupasua kidari kwa urefu wake. Wakati ule waliomfuata walikuwa wachache. Ilipasa kungoja mashine inayoshika kazi ya moyo na ya mapafu kwa muda, ile ambayo John Gibbon aliitumia kwa kufaulu kule Philadelphia, Marekani, tarehe 6 Mei 1953. Mwaka 1957 Ormand Julian na wenzake wa Chicago walishauri wapasuaji wa moyo wairudie njia ya kidari, na tangu hapo imekuwa barabara kuu ya kazi hiyo ulimwenguni.

Basi, tutofautishe jeraha na kidonda. Jeraha ni pale kisu kilipopita. Likiwa safi, likipata damu ya kutosha, lisipotikiswa, litafunga lenyewe. Kidonda ni jeraha lililoingiliwa na mikrobi. Kwa kawaida, kati ya watu 100 waliopasuliwa kidari, mmoja au wawili hupata kidonda cha ndani kabisa, chini ya ngozi, ndani ya mfupa na nyuma yake, hapo moyo unapopiga. Hesabu ni ndogo. Lakini zamani, katika hospitali nyingine, karibu nusu ya hao walikufa.

Mikrobi hizo hutoka wapi? Watu hupenda kumshtaki muuguzi au shuka za hospitali, na kweli pengine kosa liko huko. Lakini mara nyingi mikrobi ni za mgonjwa mwenyewe. Amezichukua siku zote juu ya ngozi yake na ndani ya tundu za pua, bila kudhurika nazo. Iko namna moja kali, stafilokoki ya dhahabu, ambayo huleta homa na usaha kwa haraka. Iko nyingine ya ngozi, ndugu yake mpole, na upole wake ndio ubaya wake: hujishikiza juu ya zile nyaya, hujifunika kwa utelezi kama ule wa mawe ya mtoni, ikakaa kimya siku nyingi. Mgonjwa hana homa kubwa, ana uchovu tu na maumivu yasiyokwisha, hata siku moja kovu linatoa tone.

Tena watu hawana hatari sawasawa. Mwenye ugonjwa wa kisukari yu katika hatari zaidi, na mnene sana, na mvuta tumbako, na yule aliyepaswa kufunguliwa kifua mara ya pili kwa sababu damu ilimtoka. Mwenye kikohozi cha siku nyingi pia, maana kila akikohoa pande mbili za mfupa huvutana. Kwa wazee walioziba mishipa ya moyo iko sababu nyingine. Nyuma ya mbavu, kandokando ya kidari, hupita mishipa miwili inayoulisha mfupa ule. Mpasuaji huchukua mmoja, pengine yote miwili, apate kuupelekea moyo damu kwa njia mpya. Moyo hupata, mfupa hupungukiwa. Ndiyo maana kwa mwenye kisukari wapasuaji wengi husita kuichukua yote miwili.

Kuzuia kwaanza kabla ya kisu. Mgonjwa huoga kwa sabuni ya kuua mikrobi; puani hupakwa marhamu; nywele za kifua hukatwa kwa mashine ndogo wala hazinyolewi kwa wembe, maana wembe huacha mikwaruzo; na dawa ya antibiotiki huingizwa mshipani kabla ngozi haijakatwa. Sukari ya damu nayo yapaswa kuangaliwa. Kule Portland, katika jimbo la Oregon, mganga Anthony Furnary na wenzake walitangaza mwaka 1999 kwamba kwa kuwapa wenye kisukari insulini mfululizo mshipani, vidonda vya ndani vilipungua kutoka 2.0 hata 0.8 kwa kila wagonjwa 100.

Lakini tuseme kwamba ugonjwa umekwisha kuingia. Utajulikanaje? Mgonjwa aliyekuwa akiendelea vizuri aanza kurudi nyuma. Homa yapanda kupita digri 38, pengine na kutetemeka. Maumivu ya kifua, ambayo yalikuwa yakipungua, yaongezeka. Kovu lawa jekundu au lenye moto, lafumuka mahali padogo, latoa maji ya rangi ya damu, halafu usaha. Na alama moja ambayo kila mtu wa nyumbani aweza kuishika: mgonjwa akikohoa au akijigeuza kitandani, asikia mfupa wake ukisagana, «ka, ka», kama mlango uliolegea bawaba. Mfupa unaosagana haujaungana. Nyaya zimekatika au zimekata mfupa ulio laini. Msiungoje usaha ndipo mwende.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Waona tundu dogo, mfano wa punje ya mtama, wasema: «Ni kidogo tu.» Mmoja anunua vidonge barabarani, mwingine aleta majivu au unga wa mizizi. Pengine mgonjwa mwenyewe aficha jambo. Jamaa yote walichanga fedha, waliuza mbuzi, walikopa. Naye aona haya kusema kwamba kifua kinavuja, wasije wakafikiri mali yao imepotea bure. Twaiheshimu haya hiyo, lakini imekwisha kuwaua watu. Wazee wa jamaa wamwambie mgonjwa wazi, kabla hajapanda gari la kurudi nyumbani, kwamba kusema mapema si aibu.

Kwa nini vidonge havitoshi? Dawa yoyote husafiri kwa njia ya damu. Mfupa uliokufa hauna damu. Usaha hauna mishipa. Waya wa chuma hauna uhai. Dawa hufika mpaka ukingoni ikasimama, kama lori la chumvi lililofika mtoni likakuta daraja limebomoka. Ng'ambo ya mto, mikrobi zaendelea kuongezeka. Homa yaweza kushuka siku tatu, watu wakashangilia, kisha ikarudi kwa nguvu, na safari hii mikrobi zimezoea dawa. Zikiingia damuni zaweza kutua juu ya kilango kipya cha moyo, na hapo kazi yote ya mpasuaji yavunjika.

Kwa hiyo matibabu yake ni kufungua. Neno hili lawatisha watu: kifua kilichofungwa kwa taabu nyingi kifunguliwe tena! Hata wapasuaji wa kwanza walisumbuka nalo, na inafaa tueleze walivyojifunza.

Mwanzo walifungua, wakaosha, wakajaza shashi, wakaacha wazi, wakitumaini kidonda kitajijaza kutoka chini. Ndivyo tufanyavyo na jipu la paja. Lakini kifua si paja. Mbao zile mbili za mfupa zilicheza huku na huku, mgonjwa hakuweza kuvuta pumzi vizuri, na nyuma ya shashi moyo wenyewe ulikuwa ukisuguana na ncha za mfupa. Wengine walitokwa damu ghafula wakafa. Mwaka 1963 Harris Shumacker na Isidore Mandelbaum, wa Indiana, walileta shauri jingine: kuosha, kufunga tena, lakini kuacha ndani mipira midogo, mmoja ukiingiza maji yenye dawa mchana na usiku, mwingine ukiyatoa. Watu walipona zaidi kuliko zamani. Hata hivyo, mfupa ukiwa umekwisha kuoza, maji hayaufufui. Na baada ya kuoza na kukatwa hubaki shimo, na shimo tupu ndani ya mwili hujaa maji, na maji hayo ni chakula cha mikrobi.

Shimo lile lijazwe nini, basi? Hapo ndipo lilipopatikana jibu ambalo sisi twalistaajabia kuliko mashine zote. Lijazwe nyama hai, ya mgonjwa yuleyule, yenye damu yake.

Kila aliyechinja mbuzi ameuona utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya matumbo, mfano wa kitambaa cha mpishi. Nasi tunao. Utando huo una mishipa mingi ya damu, na tumboni kazi yake mojawapo ni kwenda kujibandika mahali penye uchafu na kuuzunguka. Mwaka 1976 mpasuaji Lee na wenzake wa Marekani walieleza jinsi ya kuutoa mfupa wote wa kidari uliooza, kisha kuupandisha utando ule kifuani, ukiwa bado umeshikamana na mishipa yake, ukajaza shimo. Miaka minne baadaye, 1980, Maurice Jurkiewicz na wenzake wa Atlanta waliandika juu ya njia ya misuli: misuli mikubwa ya kifua, ile tunayoiona ikituna kwa mpiga makasia wa ziwani, hubanduliwa upande mmoja, hugeuzwa ikiwa hai, hulazwa ndani ya shimo. Damu huja pamoja nayo, na katika damu huja dawa na askari wa mwili. Daraja limejengwa.

Mtu aliyeondolewa mfupa wa kidari aishi? Aishi. Kovu gumu na misuli huzishika mbavu; wengine hubaki na udhaifu wa mikono au maumivu wakati wa baridi, lakini hupumua, hutembea, hurudi kazini. Tena si wote wanaopoteza mfupa. Aliyeletwa mapema, mfupa wake ukiwa bado una damu, aweza kusafishwa na kukazwa upya, pengine kwa mabamba ya titani badala ya nyaya. Aliyechelewa, hapana.

Jambo la mwisho kuongezwa lilikuwa mashine ya kufyonza. Louis Argenta na Michael Morykwas, wa Winston-Salem huko Marekani, waliitangaza mwaka 1997 kwa vidonda vya kila namna, na kufikia mwaka 1999 wapasuaji wa Uholanzi walikuwa wameandika habari za kuitumia kifuani. Sponji safi hukatwa kwa kipimo cha shimo, huwekwa ndani, hufunikwa kwa karatasi nyembamba ya plastiki inayonata, na mrija huunganishwa na mashine inayovuta hewa bila kukoma, mara nyingi kwa nguvu ya milimita 125 za zebaki. Maji machafu hutoka, damu huvutwa kuja, nyama mpya nyekundu huota. Na kifua, kwa kuwa kimevutwa pamoja, hukaa imara hata mgonjwa aweza kuketi, kula na kutembea akingoja kufungwa. Sponji hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu, nne hivi, katika chumba cha kupasulia. Kati yake na moyo huwekwa tabaka za shashi yenye mafuta, na ncha zote kali za mfupa huondolewa, kwa sababu upande wa kuume wa moyo una ukuta mwembamba, na mfupa wenye ncha waweza kuutoboa. Basi sponji haiwekwi na mtu asiyefunzwa kazi hiyo.

Mashine haiondoi haja ya kisu. Mgonjwa hupelekwa kwanza chumbani, nyaya hutolewa, mfupa mfu hukatwa mpaka penye kutoa damu, vipande hupelekwa maabara ili ijulikane ni mikrobi gani na dawa gani inaishinda. Ikiwa ni stafilokoki iliyozoea dawa za kawaida, huchaguliwa nyingine, kama vankomisini, ambayo huingizwa mshipani. Dawa huendelea kwa majuma mengi, mara nyingi sita. Ni siku nyingi kwa jamaa inayolala barazani mwa hospitali na kupika nje. Lakini kukatiza dawa katika juma la tatu, kwa sababu homa imekwisha, ni kumwachia adui mbegu.

Turudi sasa nyumbani, kwa yule aliyetoka kupasuliwa na ambaye bado ni mzima. Mfupa wake wataka karibu miezi miwili, pengine mitatu, upate kuungana. Katika muda huo asichote maji, asilime, asitwange, asipande baiskeli, asimbebe mtoto mgongoni wala kumwinua kutoka chini. Akitaka kukohoa, ashike mto au nguo iliyokunjwa na kuikumbatia kifuani kwa nguvu. Akiamka kitandani, ageuke ubavu kwanza, asijivute kwa mikono. Aache tumbako kabisa. Kovu lioshwe kwa maji safi na sabuni, likaushwe, lisipakwe kitu chochote ambacho mganga hakukitaja. Na anayeliosha anawe mikono kwanza. Liangaliwe kila siku mchana, penye nuru, wala si usiku kwa taa.

Ikiwa alama moja ya zile tulizotaja imetokea, apelekwe siku ileile. Mkifika katika zahanati ndogo, mwombeni muuguzi kwa heshima asilishone tundu lile. Kufunga ngozi juu ya usaha ni kuufungia mwivi ndani ya nyumba. Afunike kwa shashi safi, aandike barua, awatume hospitali kubwa bila kukawia. Tena mwambieni kama mgonjwa amewekewa kilango cha chuma moyoni na anakunywa wafarini, dawa inayozuia damu isigande. Hilo halipaswi kusahauliwa hata kidogo. Antibiotiki nyingine huiongezea wafarini nguvu, mgonjwa akatokwa damu. Na hata sindano ya takoni yaweza kumfanyia uvimbe wa damu. Mtu wa namna hii asinunue vidonge sokoni kamwe.

Na karatasi. Wengi hurudi kutoka mbali na bahasha kubwa, wakaiweka chini ya godoro, panya wakaila. Ndani yake mna jina la upasuaji uliofanywa, aina ya kilango, dawa alizopewa, na njia ya kumpata mpasuaji. Mganga wa hapa akiwa na karatasi hizo, aweza kumpigia simu mwenzake wa kule saa ileile na kuulizana naye. Asipokuwa nazo, hupoteza siku nzima akikisia. Zitiwe katika mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku lenye kifuniko, na nambari ya simu ya hospitali ile iandikwe pia ukutani, mahali ambapo hata mtoto ajuaye kusoma ataiona.